Kupata vyakula vya Karibi ukiwa ughaibuni: fuata mmea, usifuate jina

Wali wa nazi wenye mbaazi ndani, magimbi ya kuchemsha, mchicha, shelisheli la kuchoma, pilipili mbuzi, juisi ya choya. Mtu wa Unguja akisoma orodha hii atasema ni chakula cha kwao, na mtu wa Kingston atasema hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wa Mswahili anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini, aliyeonja mapishi ya Jamaica au Trinidad kwa jirani, kwa wakwe au kazini, na sasa anataka kuyapika nyumbani kwake. Mimi niko London na nimeolewa kwenye ukoo wa Kijamaika, kwa hiyo kutafuta vitu hivi ni kazi yangu ya kila wiki. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba sehemu kubwa ya unachokitafuta inauzwa karibu nawe, ila iko kwenye duka la watu wengine, kwa jina jingine.

Historia ndiyo iliyofanya hivyo. Viazi vikuu, choya, bamia na tunda liitwalo ackee vilifika Karibi kutoka Afrika katika karne za utumwa. Shelisheli lilitolewa Tahiti na Kapteni William Bligh, akalifikisha Saint Vincent na Jamaica mwaka 1793 ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Samaki wa chumvi alitoka bahari baridi za Kanada kwa sababu hiyo hiyo. Mei 1845 meli ya kwanza ya vibarua wa Kihindi ilitia nanga Trinidad, na jira, manjano na roti vikaingia jikoni. Upande wa pili, pilipili, muhogo, mapera na mastafeli vilitoka Amerika vikaja kwetu. Mimea iliyosafiri kiasi hicho haiwezi kuwa mali ya duka moja tu.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa kabla hujachagua duka

"Chakula cha Karibi" ni jina pana mno kwenda nalo sokoni. Kila kisiwa kina mapishi yake, na neno moja laweza kuwa mboga mbili tofauti kabisa. Chukua callaloo. Jamaica ni mchicha, huu huu tunaoujua, unaokaangwa na vitunguu, nyanya na pilipili. Trinidad ni majani ya magimbi yaliyopikwa na bamia na tui la nazi mpaka yakawa mchuzi mzito, mara nyingi na kaa ndani yake. Ukiingia dukani ukaomba callaloo bila kusema unapika cha wapi, muuzaji Mjamaika atakupa kopo la mchicha, na hataelewa kwa nini unalalamika.

Wali nao una mambo yake. Mjamaika anaposema rice and peas, mwaka mzima huwa anamaanisha wali wa nazi na maharage mekundu. Krismasi ikikaribia ndipo anapohamia kwenye mbaazi, ambazo huziita gungo. Saint Lucia ndizi mbichi huitwa green fig, ingawa hakuna tini ndani ya sufuria.

Kwa hiyo anza na chakula kimoja cha kisiwa kimoja. Andika viungo vyake vyote, kisha vigawe: vile ambavyo unavijua kwa Kiswahili, vile vyenye mbadala wa kuaminika, na vile visivyo na mbadala. Kundi la mwisho huwa dogo sana, na ndilo pekee linalostahili nauli ya kuvuka mji.

Hatua ya 2: Geuza orodha ya majina iwe orodha ya mimea

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukishajua mmea, unaweza kuuomba kwenye duka la Mhindi, Mnigeria, Mpolandi au Mvietinamu, na mara nyingi utaupata kwa bei nafuu na ukiwa mbichi zaidi.

Mchicha kwanza. Wahindi huuita chaulai, Wabangladeshi huuita lal shak ukiwa mwekundu, Wachina yin choi, Wayoruba efo tete, Waganda dodo, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu lengalenga. Uholanzi, kwenye maduka ya Wasurinam, tafuta klaroen. Aina zinatofautiana kidogo kwa ukubwa wa jani na rangi, lakini zote ni jamii ya Amaranthus na zote zinafanya kazi ya callaloo ya Jamaica. Kopo la callaloo ya maji ya chumvi lipo na linasaidia, ila ukiwa na duka la Wabangladeshi jirani sioni sababu ya kufungua kopo.

Mbaazi: Jamaica ni gungo peas, Trinidad pigeon peas, Puerto Rico gandules, Guadeloupe na Martinique pois d'Angole. Kwa Wagujarati ni tuver. Nenda moja kwa moja kwenye friza ya duka la Kihindi uulize tuver mbichi za kugandishwa. Hizo ni mbaazi za kijani, laini, zinazoiva upesi, na zinapita za kopo kwa mbali. Usichanganye na toor dal, ambayo ni mbaazi hizo hizo zilizokaushwa, kukobolewa na kupasuliwa. Hiyo itayeyuka ndani ya wali.

Choya, ambayo wengine huiita rosela, kwa Wajamaika ni sorrel. Duka la Kiarabu litakuwa nayo kwa jina la karkade, Wanigeria huiita zobo, Wasenegali bissap, na Wameksiko flor de Jamaica. Tahadhari moja: kwenye maduka ya kawaida ya Uingereza na kwenye pakiti za mbegu, sorrel ni jani la kijani lenye ukali kama ndimu, mmea mwingine kabisa. Unachotaka wewe ni yale maua mekundu yaliyokaushwa.

Magimbi yana majina mengi kuliko vyote. Kubwa ni dasheen, dogo ni eddo, na Jamaica utasikia pia coco, ambalo mara nyingi ni jamaa yake wa karibu mwenye nyama ngumu zaidi. Wahindi husema arvi, Wasaiprasi kolokasi, Wafilipino gabi. Majani yake, yale ya callaloo ya Trinidad, Wagujarati huyakunja kupika patra, kwa hiyo omba majani ya patra.

Pimento ni punje kavu za mti wa Jamaica, kama pilipili manga iliyonenepa. Ndiyo roho ya jerk, yaani kuku wa kuchoma wa Kijamaika. Watu huzunguka mji mzima wakiitafuta kumbe iko kwa Mpolandi wa kona, anayeitia kwenye supu na samaki wa siki, akiiita ziele angielskie. Kwa Waturuki ni yenibahar, Ujerumani Piment, na Uswidi iko kwenye rafu ya kila duka kubwa kwa jina la kryddpeppar. Uingereza na Marekani, pakiti zake huandikwa allspice. Angalia tu usinunue chupa ya pimiento, ambayo ni pilipili hoho nyekundu za kuloweka.

Shado beni wa Trinidad ni jani refu lenye meno pembeni, linalonukia kama kotimiri iliyozidishwa nguvu. Mvietinamu humwita ngò gai na humtia kwenye supu, Mpuerto Rico humwita recao. Hapa London mimi humnunua kwa Wavietinamu, kwa kuwa kwao anauzika haraka na hafiki kunyauka.

Samaki wa chumvi yuko kwa Wareno kama bacalhau, kwa Waitalia kama baccalà, kwa Wafaransa kama morue na kwa Wasurinam kama bakkeljauw. Mkongo hahitaji maelezo. Ni makayabu.

Viazi vikuu vina mtego wao Marekani, ambako maduka makubwa huandika yam juu ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Gogo la yam halisi lina ganda gumu la kahawia kama gome la mti, na nyama yake ni nyeupe au ya manjano. Kwa Walatino tafuta ñame, na muhogo kwao ni yuca.

Zilizobaki unazijua: bamia, nazi, ukwaju, kungumanga, basibasi, tangawizi, ndizi. Jira ya mapishi ya Trinidad wameiandika geera, na ukiinusa utajua ni ile ile.

Hatua ya 3: Nenda kwenye soko lenyewe angalau mara moja

Hata kama mwisho wa yote utakuwa unanunua kwa Mhindi wa mtaani kwako, fika kwenye soko la Wakaribi uone, unuse na uulize. Macho yakishazoea, hutadanganyika tena kokote.

London, mahali pa kuanzia ni Brixton. Meli ya Empire Windrush iliposhusha abiria wake wa Karibi Tilbury Juni 1948, wale wasio na makazi walilazwa kwenye handaki la Clapham South. Ofisi ya karibu ya kutafuta kazi ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton, na wengi wakapanga vyumba papo hapo. Soko likawafuata. Leo meza za mboga ziko Electric Avenue na barabara za jirani, na ndani ya Brixton Village kuna wachuuzi wa samaki na viungo. Mimi huipenda zaidi Ridley Road kule Dalston, kwa kuwa meza ya Mjamaika, ya Mnigeria na ya Mturuki zimekaa karibu, na unaweza kumaliza orodha yako yote kwa mzunguko mmoja. Rye Lane ya Peckham ina maduka mengi ya Afrika Magharibi, na viazi vikuu vya Ghana ni vya huko. Nje ya London, Handsworth ya Birmingham, Moss Side ya Manchester, Chapeltown ya Leeds na St Pauls ya Bristol ni maeneo ya zamani ya Wakaribi na vyakula vyao vipo.

Toronto, nenda Eglinton Avenue West, mtaa unaoitwa Little Jamaica, au Kensington Market. New York, Flatbush na Church Avenue kule Brooklyn ni za visiwa karibu vyote, ila kwa Trinidad na Guyana fika Liberty Avenue, Richmond Hill. Amsterdam ni mtaa wa Bijlmer, kwenye maduka ya Wasurinam wanayoyaita toko. Paris ni Château Rouge. Brussels, Wakongo wa Matonge watakupa makayabu, ndizi na lengalenga bila kutoa jasho.

Ukifika, usiulize "mna vyakula vya Karibi?" Taja unachopika. Mwambie mama wa mezani, "Nataka kupika ackee na samaki wa chumvi kwa watu wanne." Hapo utapata ushauri, kipimo, na mara nyingi atakuchagulia pilipili kwa mkono wake. Umheshimu pia kwa salamu kabla ya swali. Wazee wa Kijamaika wanapima adabu kama wazee wetu, na anayeanza na "habari za asubuhi" hupewa bidhaa nzuri iliyo nyuma ya meza. Muulize mzigo mpya unaingia siku gani, uje siku hiyo, asubuhi.

Hatua ya 4: Chagua kwa macho na mikono

*Ackee.* Hili ndilo tunda la taifa la Jamaica, na lisipoiva lina sumu iitwayo hypoglycin A, inayoshusha sukari ya damu kwa kasi na kusababisha kutapika, kuzimia, hata kifo. Huhesabiwa limeiva pale linapopasuka lenyewe likiwa mtini na kuonyesha mbegu zake nyeusi. Likilazimishwa kufunguliwa halifai. Kwa sababu hiyo Marekani ilizuia kuingizwa kwa ackee kuanzia 1973 hadi 2000, na hata sasa inaruhusu tu viwanda vilivyoidhinishwa. Kwa hiyo nunua ya kopo, kutoka kampuni inayojulikana, kwenye duka linalolipa kodi. Kopo lisiwe limevimba wala kubonyea kwenye maungio. Mtu akikuletea ackee mbichi kwenye mfuko na huna hakika ilivunwaje, shukuru kwa heshima na usiipike. Hapa sina mzaha wala sikubaliani na anayesema "sisi tumekula hivyo miaka yote."

Kopo la kawaida ni la gramu 540 na linatosha watu watatu au wanne. Bei yake itakushtua ukiilinganisha na kopo la maharage. Nyama ya ackee ni laini kama yai la kuvuruga, kwa hiyo chuja maji, iingize sufuriani mwisho kabisa, geuza mara mbili kwa mwiko na uache. Ukiikoroga inakuwa uji.

*Samaki wa chumvi.* Soma lebo. Wa asili ni cod, lakini siku hizi wengi wanaouzwa Uingereza ni pollock au ling, na hakuna ubaya kama umejua unacholipia. Chagua kipande kinene, cheupe kinachoelekea rangi ya maziwa, kisicho na madoa ya waridi wala harufu ya kuoza. Asiye na mfupa ni ghali zaidi na anaokoa muda. Mloweke usiku kucha, mwaga maji, mchemshe kwenye maji mapya dakika 15 hadi 20, kisha mwonje. Kama bado anachoma ulimi kwa chumvi, badilisha maji uchemshe tena. Usiondoe chumvi yote, kwa maana ackee yenyewe imepooza na inamtegemea samaki.

*Viazi vikuu.* Kwa supu ya Jamaica cha kuomba ni yellow yam, ambacho sifa yake kubwa iko Trelawny, wilaya mojawapo ya Jamaica. Usain Bolt aliposhinda Beijing mwaka 2008, baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba nguvu za mwanawe zinatokana na viazi vya Trelawny, na wauza viazi wa Brixton hawajaacha kuwakumbusha wateja. Kinauzwa kwa uzito, na muuzaji hukata kipande unachotaka. Tazama pale panapokatwa: nyama iwe na unyevu, isiwe na michirizi ya kahawia wala sehemu laini. Kile cha Ghana, cheupe, ni kikavu zaidi na hufaa kuchemsha na kuchoma. Unapomenya paka mafuta mikononi, utomvu wake unawasha.

*Shelisheli.* Watu wa Pemba na Unguja watanisahihisha kama nimekosea, ila mimi huchagua lenye ganda la kijani kinachoelekea manjano, vijipande vya ganda vikiwa vimetandaa na kulainika, na matone ya utomvu mweupe yamekaukia juu. Hilo limekomaa. La kijani kibichi lenye ganda la kukwaruza halijafika. Lichome zima juu ya moto wa gesi au kwenye tanuri hadi ganda liwe jeusi, menya, toa moyo wake, kata vipande. Si rahisi kulipata na ni ghali, kwa hiyo ukiliona zuri lichukue, orodha irekebishwe baadaye.

*Pilipili.* Scotch bonnet ina umbo la kofia iliyobonyezwa, na harufu yake ya matunda ndiyo kitu unacholipia, kuliko ukali. Bonyeza kidogo: iwe ngumu, ing'ae, kikonyo kibichi. Tazama na boksi lake. Uganda inapeleka pilipili hizi Ulaya, na ni kawaida kukuta mzigo wa Entebbe kwenye meza ya Mjamaika. Kwenye supu na wali itie nzima bila kuipasua, uitoe kabla haijapasuka. Watu watapata harufu, na watoto watakula.

Hatua ya 5: Jua nini kinabadilishika na nini hakibadilishiki

Scotch bonnet hubadilishwa na pilipili mbuzi, ata rodo ya Wanigeria, Madame Jeanette ya Wasurinam au habanero. Zote ni spishi moja, Capsicum chinense, na harufu zao ni ndugu. Pilipili kichaa haifai. Ina ukali tu.

Pimento ikikosekana kabisa, kijiko kimoja cha chai cha unga wake kinapatikana hivi: nusu kijiko cha mdalasini, robo ya karafuu, robo ya kungumanga, na pilipili manga kidogo kwa kubana vidole. Si yenyewe, lakini kuku atanukia vizuri, na vitu hivyo ni vya Zanzibar vyote. Kuni za mpimento, ambazo Wajamaika huchomea jerk, sahau. Weka punje zilizolowekwa na majani makavu ya kiungo kiitwacho bay leaf juu ya makaa, moshi utakaribia.

Shado beni anabadilishwa na kotimiri mara mbili ya kipimo, pamoja na mashina yake. Mchicha ukikosekana, spinachi inatoa maji mengi, hivyo ikaange upesi bila kufunika. Ndizi mbichi ni zile zile za kawaida za kula zikiwa hazijaiva, na ukiwa na matoke tumia, ila hulainika mapema, zitoe kabla. Ndizi za kukaanga ni mzuzu, ziwe na ganda lenye madoa meusi.

Samaki wa chumvi unaweza kumbadilisha na ng'onda au papa mkavu kama ametumwa kutoka Pwani. Ladha inakuwa kali zaidi, na kwenye mchuzi wa nazi wanaouita rundown inapendeza sana. Kwenye ackee hapana, inaifunika.

Ackee haina mbadala. Nimeona watu wakishauri parachichi, wengine mayai, wengine tofu. Pika hivyo vitu kwa heshima yake mwenyewe na usiviite ackee.

Hatua ya 6: Ukikaa mbali na kila soko

Wengi wetu tumepangiwa miji midogo ambako duka la Kiafrika ni moja, au halipo. Hapo panga safari chache kubwa na uitegemee friza. Vitu vizito na vibichi, yaani viazi, shelisheli, pilipili, majani, vinunue sokoni. Vya kopo na vikavu, yaani ackee, maua ya choya, pimento, tui, agiza mtandaoni kwa wingi, kwa kuwa gharama ya kutuma kopo moja huzidi kopo lenyewe.

Pilipili zigandishe nzima, bila kuzichemsha, na uzitumie zikitoka moja kwa moja kwenye friza. Shelisheli lililochomwa likatwe vipande, ligandishwe, kisha likaangwe siku ya kulila. Viazi vikuu vimenye, vichemshe nusu, vikaushe, vigandishe. Thaimu, vitunguu majani, kitunguu saumu, shado beni na pilipili moja visage pamoja na mafuta kidogo, umwage kwenye trei za barafu. Mchanganyiko huo, unaoitwa green seasoning kule Trinidad na Barbados, ukitolewa tonge moja jioni ya Jumanne unakutengenezea mchuzi wa kuku bila kwenda popote. Ackee iliyobaki itolewe kwenye kopo, iwekwe bakulini kwenye friji, iliwe ndani ya siku mbili.

Choya inafaa kuandaliwa mapema kwa Krismasi. Gramu 100 za maua makavu, tangawizi iliyotwangwa kiasi cha ngumi ya mtoto, punje kumi za pimento, karafuu sita na ganda la chungwa. Mimina lita mbili za maji yanayochemka, funika, uache mpaka kesho yake. Chuja, tia sukari. Wajamaika wengi huongeza ramu, ambayo ukiiacha kinywaji hakipungukiwi kitu.

Kuhusu kubeba kutoka nyumbani: tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu matunda na mboga mbichi zote za abiria kutoka nje, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na durian. Pilipili na magimbi ya mama yatachukuliwa uwanjani, na kuna faini. Uingereza na Marekani zina orodha zao, zisome kabla ya kufunga begi. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri mara nyingi havina tabu, ila viandike kwenye fomu ukiulizwa.

Na kama una kijishamba, hata ndoo tatu kwenye baraza, panda mchicha. Wazee wa Kijamaika wa London na Birmingham wanaulima kwenye viwanja vya bustani vya manispaa, na ukiwakuta mwezi wa nane watakugawia mbegu. Subiri mwisho wa Mei, baridi ya usiku ikishapita, mwaga mbegu juu ya udongo, funika kwa vumbi jepesi tu, mwagilia. Kata vichwa vikifika urefu wa shubiri mbili na mmea utachipua pembeni mpaka Septemba. Thaimu nayo hukaa dirishani mwaka mzima. Pilipili ndiyo yenye madai: ianzishwe ndani ya nyumba Januari au Februari, kwenye joto la nyuzi 25 hivi, ihamishiwe kwenye chungu kikubwa, ikae kwenye kioo chenye jua, na itaanza kuzaa majira ya joto yakielekea ukingoni.